Tumeiwekea Hardtop ya mjomba injini ya 1HZ, sasa inasumbua kila upande

Shikamoo fundi.

Mimi ni msomaji wako wa Newala. Mjomba wangu ana Toyota Land Cruiser Hardtop ya mwaka 1986, ile HJ75 ndefu, na kwa kweli ukoo mzima unaishi kwa gari hilo. Huku juu maji ni shida, yakikatika ndilo linaloshuka bondeni na mapipa. Msimu wa kupulizia mikorosho salfa ndilo linalopeleka mifuko mashambani, na korosho zikianguka ndilo linalozifikisha ghalani. Mgonjwa akizidiwa usiku, watu wanakuja kugonga kwa mjomba.

Injini yake ya 2H ilipasuka hedi. Tulitafuta hedi nyingine, tuliyoipata nayo ikawa na ufa. Mimi nikamshauri mjomba tuweke 1HZ, kwa kuwa spea zake zinapatikana kila mahali na magari haya ni ndugu. Akakubali, akatoa hela yake ya korosho. Tukanunua Dar es Salaam injini iliyotumika, imekamilika na giaboksi yake, stata na pampu. Muuzaji alisema imetoka kwenye gari la Japani. Fundi wa hapa mjini akaifunga. Rejeta na tenki vikabaki vya zamani, na umeme akaunganisha kwa kutumia waya za gari zilizokuwepo. Feni ya 1HZ haikuenea kwenye ile kava ya rejeta, kwa hiyo kava akaitoa.

Ilipowaka mara ya kwanza mtaa mzima ulikuja kuisikiliza. Baada ya hapo ndio mambo yakaanza.

Asubuhi ukipiga stata injini inazunguka kwa uvivu kama betri imekwisha, wakati betri ni mpya. Inazunguka tu, haishiki. Cha ajabu ni kwamba ukiachia ufunguo, pale pale kwenye kuachia, inataka kushika. Inapiga mara moja mbili, na siku nyingine inawaka kabisa.

Gari likilala, lazima nipampu kwa mkono ile pampu ya juu ya filta mpaka iwe ngumu, ndipo liwake. Chini hakuna tone la dizeli. Nimetandika maboksi usiku kucha, asubuhi nimeyakuta makavu.

Barabara ya tambarare linakwenda vizuri. Likiwa na mzigo likianza kupanda kutoka bondeni, nguvu zinapungua taratibu mpaka nashusha gia ya kwanza, na moshi mweusi hautoki. Nikisimama nikapampu, linapata nguvu kwa muda. Na hapo hapo mlimani linachemsha, linatapika maji. Fundi alipoona hivyo akatoa themostati, akasema nchi ya joto haiihitaji. Tangu siku hiyo limezidi kuchemsha.

Sasa fundi anasema pampu imekufa, tununue nyingine. Mwingine anasema injini za Japani hazifai huku, tuishushe tutafute 2H. Mama zangu wananiambia nimempotezea kaka yao hela. Mjomba mwenyewe hasemi kitu, analitazama tu gari, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko maneno ya wote. Yeye ndiye aliyenilea.

Tununue pampu? Au tuishushe injini? Salfa inasubiri.

Mpwa, Newala

*

Marahaba, mpwa. Pole sana, na heko kwa kueleza kila dalili na wakati wake. Kwa barua kama hii fundi anaweza kufanya kazi hata akiwa mbali.

Nianze na unalolingoja: pampu msinunue, na injini msiishushe. Katika yote uliyoniandikia sioni dalili inayonifanya niamini kwamba 1HZ yenu ni mbovu. Naona injini iliyofungwa kwenye gari ambalo halikuzaliwa nayo, na pale vitu vya injini mpya vinapokutana na vitu vya gari la zamani ndipo palipolegea. Injini ikibadilishwa ikaanza kusumbua, maungio ndiyo ya kutafutwa kwanza: waya, mabomba ya mafuta, maji, feni. Pampu ya dizeli ni kitu cha mwisho kulaumiwa, kwa sababu ndicho cha gharama kubwa na ndicho kigumu kuliko vyote kukipima hapo Newala.

Tuelewane kwanza injini hizi mbili zinatofautiana wapi, maana matatizo yenu karibu yote yametoka hapo. 2H ni silinda sita, sentimita za ujazo 3,980, kemshafti yake, ule mti unaofungua valvu, inazungushwa kwa gia. Pampu yake ni ile ndefu ya mstari, na ubavuni ina kijipampu cha kuvuta dizeli kutoka tenki na kuisukuma kwenye filta. 1HZ, ambayo Toyota ilianza kuifunga kwenye Land Cruiser mwaka 1990, nayo ni silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, lakini kemshafti iko juu ya hedi na inazungushwa kwa mkanda. Pampu yake ni ya mviringo, fupi, na inajivutia dizeli yenyewe. Kati ya tenki na pampu hakuna kitu kingine kinachosukuma. Ile ya mkono juu ya filta ni ya kutoa upepo tu, yaani hewa iliyoingia kwenye njia ya dizeli.

Sasa tazama maboksi yako makavu. Kwenye 1HZ, kuanzia tenki mpaka mdomo wa pampu, dizeli inavutwa. Bomba likiwa na tundu dogo kwenye njia inayovuta, dizeli haidondoki nje. Hewa ndiyo inayoingia ndani. Ni kama kunywa dafu kwa mrija wenye ufa: unavuta kwa nguvu, kinywani inakuja hewa. Usiku, injini ikiwa imezimwa, hewa inapita kwenye ufa huo na dizeli inarudi taratibu tenki, asubuhi pampu inakuta bomba tupu. Mlimani injini inadai dizeli nyingi zaidi, mvuto unakuwa mkali, hewa inaongezeka, nguvu zinakwisha. Ukipampu kwa mkono unaijaza njia, ndiyo maana nguvu zinarudi kwa muda. Na moshi mweusi hautoki kwa sababu dizeli haifiki ya kutosha. Ingekuwa filta ya hewa imejaa unga wa salfa, moshi ungekuwa mweusi tii.

Hili usilikubali kwa maneno yangu, lipime kwa dumu. Tafuta dumu safi la lita tano na mipira miwili mipya ya mafuta inayoenea vizuri kwenye pampu. Jioni, injini ikiwa imepoa, chomoa bomba linaloingia kwenye pampu na lile la kurudisha, uzibe ncha zake uchafu usiingie. Dumu liweke juu kuliko pampu, mbali na bomba la moshi, lifunge kwa kamba lisianguke. Mpira wa kuvuta ufike chini kabisa ya dumu, na wa kurudisha uingie kwenye dumu hilo hilo. Usiufunge mfuniko ukaziba kabisa, acha hewa ipite. Toa upepo, washa, iache ingurume mpaka itulie, kisha zima na uende kulala. Asubuhi piga stata bila kugusa kitu. Ikiwaka bila kuhangaika na upepo, umemaliza ubishi: pampu ni nzima, nozeli zinazonyunyiza dizeli ni nzima, na kosa liko nyuma yake. Usiende barabarani na dumu ndani ya boneti, jaribio hili ni la gari lililosimama.

Ukishajua hivyo, rudisha mabomba ya gari na uweke kipande cha mpira unaoonyesha ndani, sentimita kumi na tano hivi, kabla ya kuingia kwenye pampu. Mwache mtu akanyage mafuta, wewe tazama. Mapovu yakipita, sogeza kipande hicho nyuma hatua kwa hatua: kabla ya filta, halafu pale bomba la chuma linapoanza chini ya gari, halafu karibu na tenki. Mahali ambapo mapovu yanakoma kuonekana, ufa uko kati ya hapo na pale ulipotoka. Mimi ningeanza kuangalia sehemu tatu. Ya kwanza ni kile kichwa cha filta chenye pampu ya mkono, maana mpira wa ndani yake hukauka ukapasuka na ni mgumu kuuona. Ya pili ni mipira mifupi inayounganisha bomba la chuma na tenki, ambayo kwenye gari la mwaka 1986 inaweza kuwa ile ile ya kiwandani. Ya tatu ni pale fundi alipounganisha bomba la zamani na mpira mpya. Kama kipenyo hakilingani na klipu imekazwa kwa nguvu ili kulazimisha, hapo ndipo pa kwanza kubadilisha. Weka mpira wa saizi yake na klipu mpya, usibane tu.

Na ukiwa hapo hapo kwenye pampu, tazama bolti mbili zenye tundu katikati zinazobana mabomba. Ya kurudisha huandikwa OUT kichwani, na ndani ina kitundu chembamba kinachoshikilia presha ya pampu. Zikibadilishwa nafasi, ya OUT ikafungwa upande wa kuingilia, injini inapata shida ya kuwaka, inakosa nguvu, na yeyote atakayekuja atasema pampu imekufa. Kuangalia hakuna gharama.

Tuje kwenye ufunguo. Hii ya kushika unapoachia ni dalili nzuri sana, kwa sababu inaonyesha karibu mahali pamoja tu. Pampu ya 1HZ ina solenoidi ya kufungua dizeli. Inapata umeme, inafungua. Ikikosa, inafunga na injini inazima. Waya wake lazima uwe na umeme ufunguo ukiwa kwenye ON na pia wakati wa kupiga stata. 2H haikuwa na pampu ya aina hii, kwa hiyo fundi wenu alilazimika kutafuta pa kuuchomeka waya huo, na nadhani aliuchomeka kwenye njia ambayo swichi inaikata stata inapozunguka, kama ya redio au ya feni ya ndani. Matokeo yake unazungusha injini huku dizeli imefungwa. Ukiachia ufunguo umeme unarudi, injini bado inazunguka kidogo kwa kasi iliyobaki, inapiga mara moja mbili.

Pima hivi. Chukua waya wenye fyuzi, unganisha kutoka chanya ya betri mpaka kwenye solenoidi, ukiwa umeondoa ule wa fundi. Ukigusa na kuachia unapaswa kusikia tiki kwenye pampu. Tiki ikisikika, uache umeunganishwa kisha piga stata. Ikishika huku ufunguo bado uko kwenye stata, tatizo hilo limeisha. Kuzima, chomoa waya. Halafu fundi umeme auhamishie kwenye njia ya swichi isiyokatika wakati wa stata, kupitia fyuzi. Waya wa moja kwa moja kutoka betri usiuache ukawa wa kudumu, maana siku injini ikipata dharura utageuza ufunguo na haitazima.

Tiki isiposikika, au ikisikika kwa unyonge, tunaingia kwenye jambo ambalo nalihofia tangu uliposema injini imetoka gari la Japani. Land Cruiser nyingi za dizeli zilizouzwa Japani kwenyewe zilikuwa za volti 24, na nyingine zilikuwa na umeme wa volti 12 lakini stata ya 24. Zilizoletwa Afrika zikiwa mpya kwa kawaida zilikuwa za 12. Injini ikitolewa kwenye gari la Japani inakuja na stata yake, hita plagi zake za kupasha injini kabla ya kuwaka, na solenoidi yake, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Stata ya 24 ukiipa volti 12 itazunguka, lakini kwa uvivu ule ule uliouandika. Hita plagi za 24 zikipewa 12 zinapata uvuguvugu tu, na asubuhi za baridi za Newala mwezi wa saba injini ya aina hii, yenye chumba cha kuwashia ndani ya hedi, inazihitaji kweli.

Kwa hiyo lala chini ya gari na tochi na kitambaa chenye dizeli. Futa grisi kwenye mwili wa stata, taratibu, mpaka maandishi yajitokeze. Soma: 12V au 24V. Soma na kwenye solenoidi. Hita plagi moja ifungue, maandishi yako kwenye mwili wake. Zikiwa za 24, badilisha vitu hivyo viwe vya 12. Atatokea mtu wa kukuambia uongeze betri ya pili, uunge mfululizo, stata ipate nguvu. Usikubali. Taa, swichi, mota ya waipa na kila kitu cha gari hilo ni cha volti 12, utaunguza vyote ndani ya asubuhi moja. Altaneta nayo ipime kama ilikuja na injini. Injini ikiwa inanguruma, kwenye betri upate volti 13.8 mpaka 14.5 hivi. Ukiona inavuka 15, zima, usiendelee.

Kama stata ni ya 12 na bado ni mvivu, tafuta ethi. Injini imekaa juu ya mipira, haigusani na chasisi kwa chuma. Kuna waya mnene unaotoka kwenye bloki kwenda chasisi, na kwenye kubadilisha injini ndio unaosahaulika kwa urahisi kuliko vyote. Weka mita kati ya hasi ya betri na bloki ya injini, mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, umeme unapata taabu kurudi. Na kwa gari linalobeba salfa, tafadhali fungua kila kituo cha waya ukisugue mpaka shaba ing'ae. Salfa inakula shaba, ikichanganyika na unyevu ndio kabisa, na weusi ule unaouona kwenye ncha za waya unazuia umeme. Wakulima wanaijua salfa kwa ubwiriunga wa mikorosho. Mafundi umeme wa Newala na Tandahimba wanapaswa kuijua kwa hili.

Sasa kuchemsha. Hapa nataka uwe mkali: mpaka limetengenezwa, gari hilo lisipande mlima na mzigo. Hedi ya 1HZ ikichemshwa mara kwa mara hupasuka, na ndipo maneno ya wanaosema injini ni mbovu yatakuwa ya kweli.

Themostati irudi. Najua mafundi wengi wanaitoa kwa nia njema, wakiamini maji yatapita bila kizuizi. Lakini kwenye injini hizi themostati ina kazi mbili. Inapofungua njia ya rejeta, wakati huo huo inaziba njia ya mkato ambayo maji huzungukia ndani ya injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuonja rejeta. Ndiyo maana limezidi kuchemsha baada ya kuitoa. Nunua mpya, lakini ijaribu kabla ya kuifunga. Iningʼinize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, chochea moto. Maji yakikaribia kuchemka utaiona ikifunguka polepole, na ikipoa ifunge. Isiyofunguka irudishe dukani.

Kava ya feni nayo irudi. Bila kava, feni inazungusha hewa ile ile ya moto ndani ya boneti badala ya kuivuta kupitia rejeta. Kwenye tambarare upepo wa mwendo unasaidia, lakini mlimani, gia ya kwanza, mwendo wa mtembea kwa miguu, feni ndiyo peke yake. Na kwa kuwa nguvu zilikuwa zinapotea kwa ajili ya hewa kwenye dizeli, mlikuwa mnatambaa muda mrefu zaidi, hivyo tatizo moja limekuwa likilichochea jingine. Kama kava ya zamani haienei, fundi bati anaweza kutengeneza ya bati. Izunguke feni kwa nafasi ndogo, na mapanga ya feni yawe karibu nusu ndani ya kava. Angalia pia umbali wa feni na rejeta, maana injini ikikaa nyuma kuliko ya zamani feni inavuta kutoka mbali. Kisha, injini ikiwa ya moto na imezimwa, sukuma feni kwa mkono. Iwe nzito. Ikizunguka yenyewe kwa wepesi, ile klachi yake ya mafuta imechoka.

Rejeta ya mwaka 1986 ipeleke ikafunguliwe na kusafishwa, na ukijaza maji jaza taratibu, gari likiwa limeinua pua, ili hewa itoke. Kuhusu geji, uitazame kwa mashaka kidogo. Kihisio cha 1HZ na geji ya dashibodi ya zamani huenda visielewane, ikakuonyesha joto lisilokuwepo au ikaficha lililopo. Kama kihisio cha 2H kinaingia kwenye tundu la 1HZ, kihamishe.

Kuna uwezekano mmoja mbaya ambao sitaki kuuficha. Asubuhi, injini ya baridi kabisa, washa na ushike hosi ya juu ya rejeta. Ikikazana kama gurudumu ndani ya dakika chache wakati maji bado ni baridi, au ukiona mapovu yasiyokoma kwenye mdomo wa rejeta, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Hapo ni gasketi ya hedi au hedi yenyewe, na inabidi ifunguliwe. Mdomo wa rejeta uufungue injini ikiwa baridi tu, si vinginevyo.

Jambo ambalo hukuniuliza linanitia wasiwasi kuliko yote uliyouliza. Mkanda wa taimingi mliubadilisha? Mjomba ameendesha 2H miaka yote hiyo, na 2H haina mkanda, ni meno kwa meno. 1HZ inao, na kwa mpango wa Toyota hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ninyi hamjui injini hiyo imetembea kiasi gani, na dashibodi yenu haikutengenezwa kwa injini ya mkanda, kwa hiyo hakuna taa itakayowakumbusha. Ukikatika mkiwa mlimani, valvu zinagongana na pistoni. Badilisheni mkanda na beringi ya kukazia kabla ya safari yoyote ya salfa, na hela mliyotaka kununulia pampu ianzie hapo. Hili nakuomba usiliahirishe.

Kuhusu mjomba. Kwetu huku kauli ya mjomba ndiyo inayoamua, na akinyamaza watu wengine wanajaza nafasi kwa maneno yao. Usimwendee na maelezo yangu marefu. Siku ya jaribio la dumu mkaribishe mapema, umwekee kiti, mwombe yeye ndiye apige stata. Ameisikiliza Land Cruiser miaka mingi kuliko wewe na mimi tunavyodhani, akisikia inashika bila kusuasua atajua mwenyewe hela yake iko wapi. Mama zako uwaite pia, wameumia kwa ajili ya kaka yao. Na fundi wenu msimfukuze. Kafunga injini nzito ikakaa na giaboksi ikaingia, hiyo ni kazi. Kaa naye, mpime pamoja, asijione amewekwa kitimoto.

Msisahau karatasi. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na sasa kadi inasema 2H wakati ndani ya boneti kuna 1HZ. Chukueni risiti ya kununulia injini, muende TRA mkaulize utaratibu wa kubadilisha taarifa, na mwambieni na mtu wa bima. Msisubiri mpaka msimamishwe barabarani au mpaka siku ya kuuza.

Nikipanga kazi kwa siku, ningeanza kesho kwa kusoma maandishi ya stata na kujaribu waya wa solenoidi, jioni nikafunga dumu. Mkanda, themostati na kava vifuate wiki hiyo hiyo. Niandikie stata imeandikwa volti ngapi, asubuhi ya dumu iliwakaje, na mapovu yaliishia sehemu gani ya bomba. Kama imewaka vizuri kwa dumu lakini huoni mapovu popote, tutalitazama tenki, maana linaweza kuwa na uchafu kwenye bomba la kufyonzea au mfuniko usiopitisha hewa. Ukifungua mfuniko wa tenki baada ya mwendo ukasikia unavuta pumzi, nitajie na hilo.